Karatasi Tano za Duka la Dobi

4 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa dukani. Mimi mzima, kama kuna kinachoniuma basi ni ulimi, kwa kusema kutwa nzima. Mwambie kaka yangu, huyo baba yako unayeishi naye, kwamba goti haliponi kwa kulalamika. Afanye yale mazoezi aliyopewa. Na wewe kazini vipi? Uliponipigia mara ya mwisho maneno yalikuwa mafupi kama mkia wa mbuzi.

Utauliza kwa nini naandika ilhali simu ninayo. Mashine zikianza kuunguruma sisikii kitu, nawe kwenye simu huwa kama mtu anayekimbizwa. Andika, nami nitaandika.

Sasa sikiliza. Ile hospitali kubwa ya nyuma ya soko inatafuta mtu wa kuwafulia mashuka. Juzi alikuja ofisa wao wa ugavi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba. Akatazama mashine, akapapasa mataulo, akanusa. Yote yakampendeza. Halafu akaniuliza, "Siku ambayo wewe hupo, nani anaendesha hapa?"

Nikamjibu kwa majivuno, "Miaka kumi na tisa sijawahi kuwa sipo."

Nilidhani atanisifu. Akaandika kitu kwenye daftari, na uso wake haukuwa wa mtu anayeandika sifa. Akasema, "Mama, wagonjwa hawawezi kulala bila shuka kwa sababu wewe umeshikwa na mafua. Nitarudi katikati ya mwaka, na sitakuambia siku. Nataka nione jinsi kazi yako inavyokwenda, si jinsi wewe unavyokwenda."

Baba yako huwaambia watu kwamba wewe ni msanifu wa biashara, unachora kampuni kama wengine wanavyochora majengo. Nilikuwa nacheka kichinichini, unisamehe. Sasa sicheki. Nichoree duka langu.

Shangazi yako


19 Februari

Shikamoo shangazi,

Sisi hatujambo. Baba amefanya mazoezi mara moja na ameyasimulia mara tisa. Kazini salama.

Barua yako imenifurahisha, hata pale uliponicheka. Lakini siwezi kukuchorea duka nikiwa huku. Nikichora nitachora duka la kichwani mwangu, lenye harufu nzuri na shangazi mkali. Mchore wenyewe, nami nitawaongoza.

Nyumba moja ina michoro mingi. Mwashi ana mchoro wa kuta, fundi umeme ana wake wa nyaya, fundi bomba naye wa mabomba. Nyumba ni ile ile, lakini ukimpa fundi bomba mchoro wa nyaya atakupitishia maji kwenye swichi. Biashara nayo ni hivyo hivyo. Mteja anaiona kivyake, mfanyakazi kivyake, na hakuna anayedanganya.

Nunua karatasi tano kubwa. Ya kwanza mpe mteja. Ya pili mpe dada wa mapokezi. Ya tatu mpe mpiga pasi. Ya nne ni ya nguo yenyewe: chagua shati moja, ulifuate tangu linapoingia mpaka linapotoka, uandike kila linapokaa na linakaa muda gani. Ya tano ni ya mashine; mpe fundi anayezitengeneza. Kila mtu achore duka anavyoliona yeye. Na wewe, tafadhali sana, usimsahihishe mtu.

Najua hilo la mwisho ni gumu kuliko yote.

Mtoto wa kaka yako


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Niko salama ila nina hasira, na hasira zenyewe umenitumia wewe kwa posta.

Nilifanya ulivyosema. Mvuke, mpiga pasi wetu, yule anayeimba kuliko anavyopiga pasi, alipopewa karatasi akaniuliza, "Mama, huu ni mtihani? Nikifeli nafukuzwa?" Nikamwambia achore tu. Laiti ningejua.

Mteja nilimchagua mwalimu mstaafu, anayeleta mashati yake kila Jumatatu. Amechora mlango, dirisha la kupokelea nguo, na benchi. Benchi hilo amelichora refu kuliko duka zima, na juu yake ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Hapa ndipo ninapozeekea."

Mvuke amechora meza yake ya pasi katikati, kubwa kama uwanja wa mpira. Wengine wote tumepangwa pembezoni kama watazamaji. Mimi amenichora mdomo. Mdomo tu, mwanangu, hauna hata kichwa.

Dada wa mapokezi amechora mishale kumi na mmoja. Nikamuuliza inakwenda wapi. "Kwako, Mama. Kuuliza."

Shati nililifuata mwenyewe, nikalichagua moja la mwalimu. Kufuliwa, saa moja. Kukauka, nusu siku. Kupigwa pasi, dakika sita, ingawa Mvuke anaapa ni nne. Na ndani ya kile kikapu cha chini ya ngazi, siku mbili. Siku mbili limekaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga! Nikauliza, "Linangoja nini hapa?" Wakatazamana. Mvuke akasema, "Linakungoja wewe, Mama. Useme ni la nani."

Ni kweli. Nguo zote za duka hili nazijua kwa sura. Sijawahi kuandika jina la mtu wala namba, na jambo hilo nimekuwa nikijivunia mbele za watu.

Nakutumia karatasi nne. Ile ya mashine nimeiacha, haina lolote. Mashine ni mashine.

Na wewe nilikuuliza habari za kazini, ukanijibu neno moja. Neno moja ni la kumjibu askari, si shangazi.

Shangazi yako


2 Aprili

Shikamoo shangazi,

Baba anakusalimu. Goti limepoa, sasa amehamia kwenye bega. Kazini salama kabisa.

Huo mdomo nimeuona. Sitasema kitu, ila Mvuke ana kipaji.

Karatasi zako nimezipanga moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, jua likipita, nikaona duka zima kwa mara moja. Mwalimu anazeekea kwenye benchi kwa sababu shati lake liko kikapuni. Liko kikapuni kwa sababu linakusubiri. Dada wa mapokezi naye anakusubiri, na wewe uko nyuma unajibu swali la Mvuke. Mistari yote inapita kwako, shangazi. Ukiumwa jino, duka zima limeumwa jino.

Inabidi tuiondoe kwako. Nguo ikifika dirishani, ibanwe kijitambaa chenye namba, na namba hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na jina la mwenyewe. Basi. Shati litajitambulisha lenyewe. Na yale maswali kumi na moja, kaa na dada wa mapokezi mwandike majibu yake, myabandike ukutani.

Lakini karatasi ya tano naihitaji. Maana kuna kitu kimenitatiza. Kwenye karatasi ya Mvuke, pembeni kabisa, kuna meza ndogo yenye vikombe viwili, na ameandika "Alhamisi." Dada wa mapokezi ameandika kwamba Alhamisi, saa nne mpaka saa sita, maswali hayaulizwi. Na mwalimu, kwenye benchi lake, amechora mtu mwenye sanduku la vifaa, shati limepigwa pasi mpaka kola, nywele zimechanwa.

Je, mashine zinaharibika kila Alhamisi?

Mtoto wa kaka yako


9 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Mashine ni nzima. Nilikuomba uchore biashara, sikukuomba unichore mimi.

Vijitambaa nimenunua.

Shangazi


27 Mei

Shikamoo shangazi,

Hii ni barua ya tatu tangu ile yako ya mistari miwili. Katika mbili za mwanzo niliomba radhi, na naomba tena. Baba amepiga simu dukani, Mvuke akamwambia, "Mama hayuko karibu," halafu akakohoa kama mtu aliyemeza kifungo. Baba ana wasiwasi. Mimi ndiyo usiseme.

Shangazi, nami nina langu nililolificha. Kila ukiniuliza habari za kazini nakujibu salama. Haikuwa salama. Miaka minne nimechora kampuni za watu bila kukanyaga ghala lao hata moja. Nakaa na wakubwa wao chumbani kwenye kiyoyozi, wananieleza kazi inavyokwenda, nachora, tunapeana mikono. Januari mteja mmoja aliirudisha michoro yangu yote. Wafanyakazi wake walipoiona walicheka, wakasema hiyo ni kampuni nzuri, wangependa siku moja kufanya kazi huko. Mkuu wangu akanipa miezi mitatu nijirekebishe au nitafute kwingine. Barua yako ya kwanza ilinikuta katika hali hiyo. Nilipokueleza kuhusu karatasi tano, nilikuwa sijawahi kufanya hivyo hata siku moja. Nilibuni usiku ule nikikujibu, kwa sababu nilijua wewe hungekubali mchoro wa kubahatisha.

Na kuna baya zaidi. Karatasi zako nilizibandika ukutani ofisini, mbele ya watu kumi na wanne. Benchi, kikapu, mdomo, vyote. Watu walicheka mpaka machozi. Mkuu wangu hakucheka. Alisimama mbele ya uwanja wa mpira wa Mvuke muda mrefu, kisha akauliza, "Nani alikufundisha kumpa mpiga pasi kalamu?" Tangu siku hiyo natumwa maghalani, na kazi yangu imebaki.

Nimepona kwa aibu zako, na sikukuomba ruhusa. Ukinichapa kwa maneno, nimestahili. Lakini andika.

Mtoto wa kaka yako


15 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba, moja kwa kila barua. Mbili za mwanzo nilizisoma nikazitupia kwenye droo, nikiwa bado nimenuna. Ya tatu ilifika nikiwa nimesafiri.

Naam, umesoma vizuri. Nilisafiri siku kumi. Na fundi.

Kaa kwanza. Tulikwenda kwa dada yake mkubwa na kwa mabinti wawili wa fundi mwenyewe, watu wazima wenye watoto wao, wakanitazama kuanzia kiatu mpaka kilemba kama ofisa ugavi anavyotazama taulo. Nadhani nimefaulu. Mimi nina miaka hamsini na minane, na siku ya kwanza niliosha vyombo vyao vyote bila kuambiwa.

Nakutumia karatasi ya tano, uone kwa nini niliificha. Ameandika tarehe zote alizokuja. Septemba: "Mkanda mpya." Kisha mistari ishirini na sita, Alhamisi kwa Alhamisi: "Ukaguzi. Mashine nzima." Ningewezaje kukutumia kitu kama hicho? Nilimwambia, "Si ungeandika hata nati imelegea?" Akanijibu, "Haikulegea." Huyo ndiye mtu wenyewe. Hajui uongo hata wa kujisitiri.

Lakini si Alhamisi iliyoninunisha. Nitakwambia mara moja tu, nawe usiniulize tena. Mume wangu alipofariki, kilichoniamsha asubuhi ni duka hili. Kulikuwa na mtu dirishani anaita, kulikuwa na shati lisilojulikana ni la nani, nikaamka. Uliponiandikia kwamba mistari yote inapita kwangu na lazima iondolewe, niliona unaniondoa mimi. Nikajiuliza, likienda bila mimi, mimi nitaamkia nini? Ndipo nilipochukua kalamu nikakuandikia ile mistari miwili, nikajifungia stoo na vijitambaa vyangu.

Nilivibana vyote. Majibu kumi na moja tukayaandika, tukayabandika ukutani pamoja na nakala za zile karatasi. Wiki tatu nikakaa kwenye kiti nikiuma ulimi. Fundi akasema, "Unaonaje tukaondoka, tuone?" Nikasema haiwezekani. Siku ya pili yake tukaondoka.

Siku ya sita, ofisa ugavi akaingia. Nasimulia kama nilivyosimuliwa.

"Mwenye duka yuko wapi?"

"Hayupo," akasema Mvuke.

"Anarudi saa ngapi?"

"Leo harudi. Hii ni siku ya sita."

Yule mama akavaa miwani yake. Akaenda kikapuni, akachomoa nguo moja, akamuuliza dada wa mapokezi ni ya nani. Dada akasoma namba, akafunua daftari, akataja. Akachomoa nyingine, na nyingine. Kisha akasimama mbele ya ukuta akasoma karatasi zote, taratibu, na mwisho akauliza, "Na huu mdomo ni wa nani?"

Mvuke akasema, "Huo umeshapunguzwa."

Tumepewa miezi mitatu ya majaribio, kuanzia Agosti.

Usidhani kila kitu kilikwenda sawa. Suruali ya mwalimu ilikwenda kwa mwoka mikate, naye akaivaa siku mbili akifurahi kwamba amepungua. Mwalimu hajatusamehe. Mwoka mikate naye hajatusamehe, kwa sababu yake mwenyewe.

Kuhusu kunibandika ukutani kwako: umekosa. Wewe si mtoto, ulijua ni makosa na ukafanya. Nimekusamehe, na nimefurahi kazi yako imepona, lakini msamaha huu una kazi ndani yake. Utamwambia baba yako habari za fundi. Mimi siwezi. Yeye ni kaka yangu mkubwa, na mpaka leo akinitazama kwa jicho la pembeni najiona nina miaka minane na nimevunja sahani.

Shangazi yako


1 Julai

Shikamoo shangazi,

Nilizunguka siku nne kabla ya kumwambia. Jumapili nilimkuta barazani anamenya chungwa. Nikaanza na afya yako, nikapita kwenye hospitali, nikasifu mashuka, nikaeleza karatasi ya kwanza mpaka ya nne. Alikuwa anamenya tu, ganda moja refu bila kukatika.

Nilipofika karatasi ya tano akasema, "Alhamisi, siyo?"

Nikauliza amejuaje. Akaendelea, "Huyo ni mdogo wangu. Nikimpigia Jumatano ananigombeza. Nikimpigia Ijumaa ananigombeza. Alhamisi mchana ananiuliza kama nimekula. Nilijua kuna mtu, au kuna ugonjwa."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanigawia nusu ya chungwa. Tulipomaliza akasema, "Alilia miaka miwili yule, na mimi nilikuwa mbali huku. Mtu akianza kucheka, humshiki bega kumuuliza anacheka nini."

Halafu akafuta macho, akasema ni maji ya chungwa.

Ana swali moja kwa fundi: anajua kutengeneza friji? Yetu inapiga kelele tangu mwaka jana. Ukijibu ndiyo, anasema tutakuja wote wawili Oktoba kukamilisha mambo, goti likiruhusu. Juzi nimemwona anapanda ngazi mbili mbili, kwa hiyo litaruhusu.

Mimi kesho naenda kwenye ghala la vipuri kwa siku tatu, na kalamu ishirini za kugawa. Kazini salama, na safari hii ni kweli.

Mtoto wa kaka yako


20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie kaka yangu kwamba friji anaiweza, na kwamba nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Zaidi ya hapo sisemi, yeye anajua.

Mashuka ya hospitali yameanza kuja, mia tatu kwa siku. Wiki ya kwanza tuliogelea ndani yake. Mvuke alinyamaza kuimba siku mbili nzima, nikaogopa nikataka kumwita daktari. Sasa kazi imekaa vizuri, amepata msaidizi, mwanamke mwenye sauti nzuri kuliko yake, na wanashindana.

Lakini nilichotaka kukusimulia ni cha jana. Siku hizi Alhamisi sipo kabisa, kila mtu anajua. Fundi alichelewa, nikavuka barabara nikaingia kwenye mkahawa unaotazamana na duka. Miaka kumi na tisa niko ng'ambo ya pili na sijawahi kuketi pale. Nikaagiza chai, nikakaa kwenye meza ya dirishani.

Mwanangu, kumbe mlango wetu ni wa buluu namna ile! Nilikuwa nadhani umepauka. Nikaona mtu anaingia na fuko, anatoka na risiti, hata benchi hajakalia. Nikaona gari la hospitali linashusha mizigo, watu wangu wanapokezana bila kuitana. Nilijiona kama mtu anayechungulia kwa jirani. Mara mbili niliinuka nikatoe amri, mara mbili nikakaa.

Meza ya pili alikuwepo kijana wa kike, karani hivi, mgeni kwangu. Akaniona ninavyotazama, akadhani nina nguo na nasita. Akanisogelea, akasema kwa upole, "Mama, kama una nguo zako peleka pale usiogope. Wanajua kazi, na hawapotezi kitu."

Nikamuuliza, "Mwenye duka ni nani?"

Akafikiri kidogo. "Sijui," akasema. "Sijawahi kumwona."

Chai ilinipalia. Akanipigapiga mgongoni, masikini, mpaka nikapata pumzi. Nikamshukuru, nikamwambia nitawajaribu.

Fundi alinikuta nacheka peke yangu kama chizi. Sikumwambia sababu. Nimekuwekea wewe.

Shangazi yako